Walimuuzia Uyoga Mwalimu Minza

Vijana wangu mnaoanza kazi ya utabibu, kuna maneno mawili yananichoma kila ninapoyaona: "imethibitishwa kitabibu." Nimeyakuta kwenye makopo yanayouzwa stendi ya Bariadi. Nimeyasikia kwenye spika za gari siku ya mnada. Nimetumiwa kwenye simu na watu ninaosali nao kanisa moja. Kila ninapouliza imethibitishwa na nani, kwa wagonjwa gani, wa ugonjwa upi, naangaliwa kama bibi aliyeamka vibaya.

Nimeamka vizuri tu. Nina hasira, na sababu ya hasira yangu ni mwalimu mmoja wa Ngulyati anayeitwa Minza, ambaye alikaribia kufa huku ukumbi mzima ukimpigia makofi kwamba amepona.

Mimi naitwa Kabula. Nilikuwa afisa tabibu mpaka nilipostaafu. Kabla ya Bariadi nilihudumu Maswa, na kabla ya hapo zahanati moja ya mbali upande wa Meatu, ambako gari la dawa lilifika pale tu mto uliporuhusu. Sikusomea udaktari wenyewe, lakini watu wa huku wananiita Dokta na nilishaacha kubishana nao.

Niwaambie kwanza habari za uchovu, maana bila hizo hamtaelewa nilichokasirikia.

Mgonjwa akija na mguu uliovunjika, kila mtu anakimbia. Akija anasema amechoka, tabibu anapiga miayo. Ndivyo tulivyo, tusidanganyane. Uchovu hauonekani kwenye picha, hauna kipimo chake peke yake, na mwenye nao mara nyingi amefika kwa miguu yake, amevaa vizuri, anaongea.

Nilipokuwa Maswa tulipokea tabibu mpya kutoka Tanga, kijana mstaarabu, Kiswahili chake kitamu kuliko chetu sote tukikichanganya. Siku zake za mwanzo akaingia mama mmoja mzee, akaketi, akasema, "Nanoga, baba. Nanoga gete." Kijana akatabasamu, akamwambia, "Hongera, mama," akaandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Kwao kitu kikinoga kimekolea utamu. Kwa Kisukuma yule mama alikuwa anasema amechoka, amechoka kweli kweli. Mimi nilikuwa meza ya pili, nikamkimbilia mama kabla hajatoka nje, tukampima, akaonekana ana malaria na damu imepungua. Tulimtania yule mwenzetu muda mrefu, naye hakununa. Alijifunza Kisukuma mpaka akawa anatania nacho. Siku hizi nikimkumbuka namheshimu zaidi. Yeye alikosea lugha. Hawa wenye makopo wanaelewa kila neno.

Aliyenifundisha uchovu ni Mzee Ngasa, tabibu niliyeanza kazi chini yake kule Meatu. Alikuwa mtu wa maneno machache na ugoro mwingi. Kiti chake alikiweka dirishani ili amwone mgonjwa tangu anapoingia getini.

"Mwangalie anavyotembea kabla hajajua unamwangalia," aliniambia. "Akisimama njiani, anasimama kusalimia watu au anasimama kuvuta pumzi?"

Na mgonjwa akishaketi, Mzee Ngasa hakumuuliza kama amechoka, maana hilo ameshalisema. Alimuuliza hivi: "Ni kazi gani mwaka jana uliiweza, na leo huiwezi?" Swali hilo likaririni. Mmoja atakuambia hawezi tena kupandisha ndoo kutoka kisimani. Huyo mtafute moyo, mtafute damu. Mwingine atakuambia anaweza kila kitu ila hana hamu, kila asubuhi anatamani kusingekucha. Huyo funga mlango, mwache aongee, akitaka kulia alie. Mwingine anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani na anakojoa vilevile, mpime sukari. Mwingine nguo zimempwaya na anakohoa, na kikohozi kile ameshakizoea hata hakitaji.

Kuna mfugaji alitujia kutoka karibu na Mwandoya, jitu refu, mabega kama mlango. Akasema nguvu zimemwisha. Tulimpima kila tulichoweza kupima pale, hatukuona kitu. Mzee Ngasa akamuuliza analalaje. Kumbe tangu wezi waingie kwenye boma la jirani yake, yeye halali. Anakaa na mkuki akilinda ng'ombe mpaka kunapambazuka, kisha asubuhi anatoka nao kwenda malishoni. Dawa aliyoandikiwa ni kaka yake apokezane naye zamu. Aliporudi kutusalimia alikuwa amenawiri, na jogoo chini ya kwapa.

Sasa mtu aje aniambie ana kopo moja linalotibu wote hawa: mwenye upungufu wa damu, mwenye huzuni, mwenye sukari, mwenye kifua kikuu, na yule anayelinda ng'ombe. Nikimuuliza alijuaje, anaelekeza kidole kwenye kopo.

Hayo ndiyo niliyoyakuta ukumbini. Pamba ilikuwa imeshanunuliwa, watu wana chochote mfukoni, na hawa jamaa wanaijua misimu yetu kuliko sisi wenyewe. Jirani yangu, Mama Dotto, alikuwa amealikwa kwenye walichokiita semina ya afya, akaniomba nimsindikize kwa sababu ya magoti yake. Tukafika asubuhi, viti vya plastiki vimeshajaa. Mbele kulikuwa na meza yenye makopo yaliyopangwa yakapanda juu, na nyuma yake picha kubwa ya uyoga mwekundu unaong'aa kama umepakwa vanishi. Si uyoga wetu ule tunaouchuma kwenye vichuguu mvua zikianza. Huu ulitoka mbali, umekaushwa, umesagwa, umetiwa kwenye vidonge.

Aliyeshika maikrofoni alivaa koti jeupe na kipimo cha kusikilizia moyo shingoni. Nikavaa miwani yangu vizuri. Alikuwa Shija.

Shija nilimfundisha mimi. Alipokuwa mwanachuo aliletwa kwetu kufanya mazoezi kwa vitendo, na kati ya wote niliowapokea, wachache walikuwa na mikono kama yake. Mtoto analia kwa kila mtu, Shija akimshika ananyamaza. Nilikuwa nikimwona najisemea, huyu atatufaa.

"Ndugu zangu," alikuwa anasema, "uchovu wako si uzee. Wala hujarogwa. Ni sumu zimejaa mwilini. Uyoga huu umefanyiwa utafiti, umethibitishwa kitabibu, na haubagui uchovu. Uwe uchovu wa shambani, wa ofisini, wa uzazi, unakwenda nao wote."

Watu wakaitikia. Kisha akasema leo tuna ushuhuda, na akamwita Mwalimu Minza.

Minza namfahamu tangu binti. Anafundisha darasa la pili, na jioni yumo shambani na mume wake, Masunga. Wanalima pamba, na mpunga kwenye mbuga ya bondeni. Alipanda jukwaani kwa ngazi fupi, lakini katikati alishika ukingo, na alipofika juu akaanza kurekebisha kilemba. Kilemba hakikuwa na kasoro yoyote. Alikuwa anavuta pumzi.

Akashika maikrofoni akaeleza jinsi alivyokuwa anashindwa kumaliza kipindi amesimama, na jinsi alivyoanza kutumia uyoga akajisikia mwepesi. Dada mmoja alikuwa mbele anamrekodi kwa simu. Ukumbi ukapiga makofi, Minza akainua mkono kuwashukuru, na mimi kutoka nilipokaa nikaona kiganja kilichopauka kama kimepakwa unga.

Aliposhuka nilimfuata.

"Mwangaluka, mwalimu," nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," akaitikia, akiniita mama. "Kumbe na wewe umo?"

Nikamshika mkono kumsalimia na sikuuachia. Kucha hazina rangi. Mapigo yanakimbia kama ametoka kufukuza ndama, na alikuwa ameshuka ngazi tu. Nikaona taya lake linatafuna.

"Unatafuna nini?"

Akacheka kwa aibu, akanionyesha kimfuko kwenye pochi. Mchele mbichi. "Nimeuzoea, mayu. Nisipoupata najisikia vibaya."

Mtu mzima anayetamani mchele mbichi au udongo, msimcheke. Mwangalieni damu. Mara nyingi mwili umepungukiwa na madini ya chuma na unatafuta pasipokuwa na kitu. Nikataka kumwangalia kope pale pale, akanizuia. "Watu wanatuangalia," akasema, na akaenda kukaa na walimu wenzake, ambao yeye mwenyewe ndiye aliyewaleta. Walishamfanya wakala.

Shija nilimkuta nyuma ya ukumbi anashusha maboksi kwenye gari.

"Shikamoo Dokta. Sikujua kama umekuja."

"Marahaba. Yule mwalimu nani amempima?"

"Ameshapata nafuu, Dokta. Umemsikia mwenyewe."

"Nimemsikia, na nimemwangalia. Wewe umemwangalia?"

Akaweka boksi chini. "Dokta, usidhani tunauza maneno matupu. Utafiti upo. Nakutumia sasa hivi."

Na kweli alinitumia. Nikaketi nyumbani mezani, nikasoma polepole kwa Kiingereza changu cha kazini, na nilisoma nikiwa tayari kushawishika. Kazi yetu imejaa vitu tulivyovikataa kwanza na baadaye tukavipokea. Nilianza kazi tukipima damu kwa kudondosha tone kwenye karatasi na kulinganisha wekundu wake kwa macho, dirishani, siku ya mawingu unabahatisha. Leo kuna kimashine kidogo kinakupa jibu ukiwa umesimama. Sina ugomvi na jipya, wala sina ugomvi na uyoga. Dawa ngapi zilianzia kwenye ukungu na mizizi.

Nilichokisoma ndicho kilichonipandisha hasira. Sehemu ilihusu panya. Panya waliwekwa kwenye maji waogelee mpaka wachoke, na waliolishwa uyoga wakachelewa kuchoka. Ni jambo la kupendeza kwa panya. Mwalimu Minza hakuja kulalamika kwamba hawezi kuogelea. Sehemu nyingine ilihusu uyoga ambao hata si wa aina ile iliyo kwenye kopo. Sehemu nyingine ilihusu watu, lakini watu wachache, waliopewa vidonge wakijua ni vya kuwatia nguvu, kisha wakaulizwa wanajisikiaje, na hakukuwa na kundi la pili la kulinganisha. Na watafiti wenyewe, maskini, walikuwa waungwana. Mwishoni waliandika kwamba hayo ni ya mwanzo tu, kunahitajika utafiti zaidi. Aliyebandika maneno kwenye kopo aliruka mstari huo.

Sikilizeni kwa makini, maana mtaulizwa na wagonjwa na lazima mjue kujibu. Uchovu huja na kuondoka. Msimu wa palizi unachoka, ukiisha unapata nafuu. Ukimpa mtu chochote wakati yupo chini kabisa, huenda atapanda, kwa sababu alikuwa apande hata hivyo. Na mtu akipewa kitu kwa upole na kuambiwa kitamsaidia, atajisikia vizuri kidogo, hata kama ndani ni unga wa muhogo. Ndiyo maana wanaotafuta ukweli wanawagawa wagonjwa makundi mawili kwa kubahatisha, kundi moja wanapewa uyoga, la pili wanapewa kidonge kinachofanana nao kisicho na kitu, na anayemeza hajui, na anayempa hajui. Baadaye ndipo wanafungua na kuangalia. Siku watakaponiletea hilo, kwa watu wa kutosha, kwa uchovu unaojulikana chanzo chake, nitasimama mimi mwenyewe kanisani niutangaze huo uyoga. Lakini hata siku hiyo hautazuia damu inayomwagika.

Nikaenda Ngulyati. Nilimkuta Minza ameketi nje kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua mchele. Punje moja kwenye sufuria, punje moja mdomoni. Masunga alikuwa anang'oa mabua ya pamba upande wa pili. Nikaomba tuingie ndani, nikafunga mlango, na kuanzia hapo tukaongea Kisukuma, maana mambo mengine hayasemeki vizuri kwa lugha ya ofisini. Nikamuuliza lile swali la Mzee Ngasa.

Akafikiri. "Kuandika ubaoni," akasema. "Mwaka jana niliandika mwenyewe. Siku hizi nawaita watoto waandike, nasema ni mazoezi."

"Na siku zako zikoje?"

Akachezea pindo la kanga. Nikamsubiri. Mwishowe akasema zinakuja nyingi kama amechinjwa, zinakaa, zinaondoka kidogo, zinarudi. Shuleni anavaa sketi nyeusi peke yake. Siku nyingine anaomba ruhusa akisingizia msiba.

"Kwa nini hukuja hospitali?"

"Nilienda kituoni, mayu. Nilimwambia kijana aliyekuwepo kwamba nachoka. Hakuinua macho. Akaniandikia vitamini, akasema ninyi walimu mnapenda likizo."

"Ulimwambia habari ya damu?"

"Hakuuliza. Na mlango ulikuwa wazi, foleni yote inasikiliza, na yeye ni umri wa niliowafundisha kusoma." Akapangusa uso kwa kanga. "Shija alikaa na mimi mpaka nikamaliza. Alifunga mlango kama wewe."

Alikuja kwetu kwanza. Kabla ya kopo, kabla ya jukwaa, mwanamke huyu alivaa vizuri akaja kwetu, na tukamfukuza kwa mzaha. Msidhani nawalaani wauza uyoga peke yao. Wateja wao wengi ni sisi tunaowatengenezea.

"Shija alikuuliza habari ya damu?" nikasema.

"Aliniuliza. Aliniuliza vizuri kabisa. Akasema uyoga utasafisha mfuko wa uzazi, nivumilie."

Nimekuwa na hasira nyingi katika maisha yangu ya kazi. Nimekasirikia madereva waliochelewa na wakunga waliolala. Lakini ile ilikuwa ya aina nyingine. Yule kijana wa kituoni hakuuliza kwa sababu ya uvivu. Shija aliuliza. Aliuliza kama nilivyomfundisha, akapata jibu nililomfundisha kuliogopa, halafu akamuuzia kopo.

Nikamwambia Minza twende hospitali leo. Akakataa. Nitaonekanaje, akasema, nimeshasimama mbele ya watu, nimewaingiza wenzangu. Nikaona kubishana hakutasaidia. Nikachukua kioo kilichokuwa ukutani, nikamshusha kope la chini, nikamwambia ajitazame.

"Hapa panatakiwa pawe pekundu, kama ndani ya mdomo wa mtoto."

Akatazama muda mrefu. Palikuwa peupe, palikuwa na rangi ya mshumaa. "Labda ndivyo nilivyo," akasema. Kisha akainuka, akafungua mlango, akamwita mume wake. Masunga akaja na vumbi lake, hajui kinachoendelea. Minza akamshika uso, akamvuta kope la chini, akaangalia. Jekundu kabisa. Akajitazama tena kwenye kioo. Akamtazama tena mume wake.

Katika habari yote ile, na karatasi zote nilizotumiwa, huo ndio ulikuwa ulinganisho wa kwanza wa maana, na ulifanywa na mgonjwa mwenyewe.

"Masunga," akasema, "nitafutie usafiri."

Hospitali, mtu wa maabara alirudia kipimo akidhani mashine imekosea. Damu ilikuwa imeshuka kiasi kwamba daktari alinivuta pembeni akaniuliza mgonjwa alifikaje akiwa ameketi. Hiyo nayo ijueni: damu ikipungua polepole, mwili unazoea, mtu anafundisha, anapika, anacheka, anatoa ushuhuda, kisha siku moja anaanguka ghafla. Masunga alitoa damu, na walimu wenzake wakaja kutoa, ikiwa ni pamoja na wale aliowaingiza kwenye uyoga. Picha ikaonyesha vivimbe kwenye mfuko wa uzazi. Wakamwongezea damu kwanza, na alipopata nguvu wakamfanyia upasuaji.

Nilikuwa nimeketi kando ya kitanda chake, dripu ya damu bado inashuka, binti mmoja akaja kumwona mama yake kitanda cha pili. Mama yule alilazwa amechoka hivyo hivyo. Binti akatoa simu, akasema, "Mama, msikilize huyu mwalimu, naye alikuwa kama wewe," akabonyeza. Sauti ya Minza ikajaa wodini, nyepesi, yenye furaha, ikisema najisikia mtu mpya.

Minza alifumba macho. Kisha akasema, "Zima, mwanangu. Huyo ni mimi."

Binti akatazama simu, akatazama kitandani. Akamtazama yule mwenye kilemba kwenye kioo cha simu, na huyu mwenye sindano mkononi. Akazima. Minza akamwambia, kwa upole wa kufundishia darasa la pili, amwache mama yake apimwe kwanza.

Siku iliyofuata Shija alikuja wodini. Sijui nani alimwambia. Alisimama miguuni mwa kitanda, safari hii bila koti, akamwomba Minza radhi, na Minza akamwambia afute ile klipu. Akaifuta mbele yetu. Lakini ilishatoka mikononi mwake; ilikuwa kwenye makundi ya simu kutoka Maswa mpaka Mwandoya. Minza akarekodi nyingine akiwa amelala pale pale, akaeleza kilichomkuta, akaituma kote. Mnajua alijibiwa nini? Baadhi walimwambia amenunuliwa na hospitali. Ya kwanza bado inazunguka mpaka leo, ya pili ilisimama njiani.

Nilimsindikiza Shija nje.

"Dokta, uyoga haukumdhuru," akasema. "Daktari mwenyewe hajasema umemdhuru."

"Haukumdhuru. Ulimkalisha nyumbani damu ikimtoka. Na wewe ulijua."

"Nilijua," akasema. Akakaa kwenye benchi. "Lakini mimi ningefanya nini? Nimemaliza chuo nikaomba kazi kila mahali. Nimejitolea bila mshahara mpaka viatu vikaisha. Hawa ndio waliosema njoo kesho uanze."

Na hilo nalo nililikasirikia, na bado nalikasirikia. Tuna zahanati zenye tabibu mmoja anayeona foleni mpaka macho yanafumba, ndiyo maana hayainui. Na tuna vijana tuliowafundisha sisi wenyewe wanaoshinda vijiweni. Aliyepanga mambo hivyo naye amemuuzia Minza uyoga. Nilimwambia Shija hayo yote. Kisha nikamwambia kwamba shida yake ni ya kweli, ila koti lile ndilo lililomfanya Minza amwamini, na koti lile hakupewa na kampuni ya uyoga.

Aliondoka bila kuaga vizuri.

Minza amerudi shuleni. Nilipita siku moja nikamkuta ubaoni, chaki mkononi, anaandika mwenyewe herufi kubwa kubwa, amevaa gauni la njano. Mchele mbichi ameuacha bila kuambiwa. Anasema sasa hivi ukimpa anashangaa aliuonea utamu gani. Wenzake aliowaingiza aliwatafuta mmoja mmoja, akawaambia waende wakapimwe. Wengine walienda. Wengine wamemkasirikia yeye, si waliotengeneza kopo.

Basi nawaomba ninyi. Mgonjwa akisema amechoka, inueni macho. Fungeni mlango. Muulizeni kazi asiyoiweza, muulizeni damu, sukari, kikohozi, usingizi, huzuni. Akiwaonyesha kopo msimcheke wala msimgombeze, maana alilinunua akitafuta mtu wa kumsikiliza. Liangalieni, ulizeni anatumia na dawa gani nyingine, maana vingine havipatani, na mwambieni ukweli kwamba hatujui kama linasaidia. Neno "hatujui" ni la kitabibu kuliko yote yaliyoandikwa kwenye kopo lile.

Nilidhani sitamsikia tena Shija. Mvua zilipoanza akanipigia simu.

"Shikamoo Dokta. Samahani kukusumbua. Mama yangu anachoka sana siku hizi. Anakaa chini katikati ya kufagia. Nimpeleke wapi?"

"Bado unauza?"

"Bado, Dokta. Natafuta kazi nyingine."

"Umempa mama yako uyoga?"

Nikasikia kuku wa kwao kwenye simu.

"Hapana, Dokta," akasema. "Huyu ni mama yangu."

Nilitaka kumwambia kwamba Minza naye ana watoto, na kila aliyeketi kwenye vile viti vya plastiki ni mama wa mtu au baba wa mtu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini nilisikia anavyohema, nikajua ameshajisikia mwenyewe alichokisema. Nikamwambia amlete hospitali kesho asubuhi, mapema, kabla hajanywa chai, ili tumpime na sukari.